Kompyuta imenyamaza baada ya kuunganishwa skrini mpya: je, ni lazima kuweka Windows upya?

Swali: Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 10. Wiki iliyopita niliiunganishia skrini mpya kwa kebo ya HDMI, na siku hiyohiyo Windows ikajisasisha. Tangu hapo haitoi sauti kabisa. Alama ya spika haioneshi hitilafu yoyote na sauti nimeipandisha hadi 100. Spika hizohizo nikizichomeka kwenye simu zinalia vizuri. Fundi amenishauri nifute kila kitu na kuweka Windows upya. Je, hakuna njia nyingine?

Jibu: Ipo, na ninakuomba usifute chochote kwanza. Kuweka Windows upya ni hatua ya mwisho kabisa, nayo inaweza kukupotezea picha na nyaraka zako huku chanzo cha tatizo kikibaki palepale. Jaribio ulilofanya kwa simu limetusaidia sana, kwa kuwa limeondoa shaka juu ya spika na waya wake. Hitilafu sasa imebanwa mahali fulani kati ya programu inayocheza muziki na tundu unalochomekea spika.

Ninachokishuku zaidi ni hiyo skrini. Kebo ya HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja, kwa hiyo Windows inaweza kuihesabu skrini kuwa kifaa cha sauti, na wakati mwingine hufanya hivyo hata pale ambapo skrini yenyewe haina spika ndani yake. Kifaa kipya kinapounganishwa, mara nyingi hupewa nafasi ya kwanza na sauti yote ikaelekezwa huko. Ndiyo maana huoni alama ya hitilafu: kwa hesabu za Windows, sauti inatoka kama kawaida, ila inapelekwa mahali ambapo huwezi kuisikia.

Ili kuthibitisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka huorodhesha vifaa vya kutolea sauti, na kando ya kila kifaa kinachofanya kazi kuna kipimo kidogo cha vijistari. Cheza muziki huku ukikitazama. Ukiona vijistari vya kijani vinapanda na kushuka kando ya jina la skrini, umekwisha kumpata mwizi wa sauti yako. Chagua spika katika orodha hiyo, bofya kitufe cha Set Default kilicho chini ili ziwe kifaa kikuu, kisha ufunge na kuifungua upya programu ya muziki, kwa sababu baadhi ya programu huendelea kung'ang'ania njia ya zamani. Iwapo spika hazimo katika orodha, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye sehemu tupu ya dirisha na uruhusu kuoneshwa vifaa vilivyozimwa na visivyounganishwa, kwa kuwa kifaa kilichozimwa huweza kufichwa.

Vijistari vikicheza kando ya spika zenyewe na bado kukawa kimya, geukia matundu. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani tundu la spika huwa la kijani na la maikrofoni la waridi, na wakati wa kuunganisha skrini ni rahisi sana waya kuchomoka au kurudishwa kwenye tundu lisilo lake. Chungulia pia tundu la mbele la vipokea sauti vya masikioni. Kompyuta nyingi hukata sauti ya spika za nyuma mara zinapohisi kitu kimechomekwa mbele, na tundu lililojaa vumbi au lililolegea linaweza kuidanganya kompyuta ikaamini kuna kitu humo. Chomeka na kuchomoa mara chache, kisha usikilize.

Baada ya hapo ndipo tuishuku ile sasisho, ambayo huenda ilibadilisha draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa cha sauti. Bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc, na ufungue sehemu ya vifaa vya sauti. Katika sifa za kifaa hicho, kwenye ukurasa wa draiva, kuna kitufe cha kurejesha draiva iliyotangulia. Kikiwa kimefifia, iondoe draiva iliyopo na uwashe kompyuta upya, na kwa kawaida Windows itajiwekea nyingine. Draiva inayofaa zaidi ni ile ya mtengenezaji wa kompyuta au wa bodi mama yako (ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta), wala usiipakue kwenye tovuti nyingine usiyoijua.

Hata haya yote yakishindikana, kuna jaribio moja ambalo ningependa kila fundi alifanye kabla ya kufuta kompyuta ya mtu. Mfumo wa Linux kama Ubuntu, yaani mfumo endeshi mwingine usio Windows, unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa na bila kugusa faili zako. Ukiwashwa hivyo na spika zikalia, kifaa ni kizima na kasoro iko ndani ya Windows. Hapo, baada ya kunakili nyaraka zako kwenye diski nyingine, ushauri wa fundi wako utakuwa na msingi. Kumbuka tu kuchagua spika katika mipangilio ya sauti, maana Linux nayo inaweza kuipeleka sauti kwenye skrini.

Spika zikinyamaza huko pia, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya sauti kwenye bodi mama imeharibika, na kuweka Windows upya hakutaifufua. Huhitaji kubadilisha bodi nzima kwa sababu hiyo: adapta ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye tundu la USB hufanya kazi hiyo yenyewe, na spika zako huchomekwa kwake moja kwa moja.