Anzeni na bomba, mtambo baadaye: kwa mnaokwenda kujenga umeme wa gesi Afrika Magharibi

Wadogo zangu mnaokwenda kuanza kazi kwenye miradi ya umeme wa gesi Nigeria, Ghana au Côte d'Ivoire, siku ya kwanza mtaonyeshwa mchoro wa mtambo. Uwekeni kando kidogo. Ulizeni kwanza gesi inatoka kisima gani, kisha muulize umeme ukishafuliwa nani ataulipia, na kwa fedha ya nchi gani. Nimeona vituo vyenye mitambo mizuri vikilala kwa sababu majibu ya maswali hayo yalichelewa kutafutwa.

Fanyeni hesabu hii kwa mkono, msingoje programu. Kituo cha megawati 450 chenye ufanisi wa asilimia 35 hivi, kikizunguka usiku na mchana, kinakula gesi karibu futi za ujazo milioni 100 kwa siku. Ukikiongezea boila ya kukamata joto la moshi na tabaini ya mvuke, ufanisi unapita asilimia 50 na umeme uleule unapatikana kwa gesi iliyopungua kwa karibu theluthi moja. Kituo cha Azito cha Abidjan kilianza mwaka 1999 bila mvuke, kikaja kuongezewa mwaka 2015. Kutangulia na hatua ya kwanza si dhambi, mradi eneo la hatua ya pili liachwe wazi tangu siku ya kupima kiwanja.

Sasa gesi yenyewe. Nigeria ina akiba inayozidi futi za ujazo trilioni 200, na wageni wengi hudhani suala limekwisha hapo. Gesi iliyo ardhini haiwashi taa. Februari 2016 bomba la chini ya bahari linalotoa mafuta ghafi kwenye kituo cha Forcados, Nigeria, kwenda kupakiwa melini lililipuliwa. Lilikuwa bomba la mafuta, si la gesi. Lakini kwenye visima vingi vya Delta ya Niger gesi hupanda pamoja na mafuta. Mafuta yakikosa pa kwenda, kisima kinafungwa, na gesi inafungwa nayo. Vituo vya umeme vilivyokuwa mbali kabisa na mlipuko vikakosa gesi. Kwa hiyo mkikaa na muuza gesi, muulizeni inapanda pamoja na nini, na hicho kitu kinapelekwa wapi.

Ghana ililipata somo hilo kwa njia nyingine. Bomba la Gesi la Afrika Magharibi, lenye urefu wa kilomita 678, linatoka Nigeria na kupita baharini hadi Takoradi, likiwa na matoleo Cotonou, Lomé na Tema. Agosti 2012 nanga ya meli iliyovamiwa na maharamia ililipasua karibu na Lomé, na gesi ikakatika kwa karibu mwaka mzima. Miaka ile ya giza Waghana wakaipa jina dumsor, yaani zima-washa. Kwa hofu ya giza serikali ikatia saini mikataba mingi ya umeme kwa haraka. Julai 2019 waziri wa fedha aliliambia bunge kwamba uwezo wa mitambo umefika megawati 5,083 wakati mahitaji ya juu kabisa ni kama 2,700, na kwamba nchi inalipa zaidi ya dola nusu bilioni kwa mwaka kwa uwezo isioutumia. Megawati 2,300 kati ya hizo 5,083 zilikuwa chini ya mikataba ya chukua-au-lipa: utumie, usitumie, unalipa. Naomba mlikumbuke hili mnapokuwa upande wa mwekezaji na mkataba unaonekana mtamu mno. Mnunuzi anayebanwa hivyo atarudi mezani siku moja, na atarudi akiwa hana fedha.

Upande wa mlipaji unakula muda kuliko zege. Azura-Edo, kituo cha takriban megawati 460 nje ya Benin City, Nigeria, kilisaini mkataba wa kuuza umeme mwaka 2013, ujenzi ukaanza Januari 2016, na kikakamilika 2018. Wakopeshaji walitaka dhamana za Benki ya Dunia kwanza, kwa sababu mwananchi analipa kwa naira, fedha ya Nigeria, huku gesi na mkopo vinahesabiwa kwa dola. Serikali ilipoacha kuishikilia thamani ya naira Juni 2016, bei ya dola ilipanda ghafla, ila ankara za wateja hazikupanda siku ile. Kijana anayetaka kuielewa kazi hii asome kifungu cha ubadilishaji wa fedha kabla ya kitabu cha mtambo.

Kuna jambo dogo lililotutesa kwenye mradi mmoja nilioufanyia kazi, nami nilikuwa kati ya waliosoma mikataba yote. Mkataba wa gesi ulianza kuhesabu siku kituo kitakapoanza kuuza umeme. Lakini kabla ya kuuza lazima ujaribu mitambo kwa wiki nyingi, na majaribio yanataka gesi. Hiyo gesi ya majaribio haikuandikwa popote. Mkandarasi alikuwa tayari, mafundi wamefika, tabaini imefungwa, nasi tukaenda kuomba gesi kwa muuzaji aliyejua kabisa kwamba hatuna pengine pa kwenda. Tukalipa bei aliyotaka. Na umeme wa kuwasha pampu na feni za kituo chenyewe ulitakiwa utoke kwenye gridi, ambayo njia yake ilikuwa bado nguzo kumi na kitu haijafika. Tangu hapo, nikipewa kalenda ya mradi, naanza kuisoma kutoka mwisho kurudi nyuma: siku ya kuuza, siku ya kujaribu, siku ya gesi ya kwanza, siku ya umeme wa gridi.

Joto msilipuuze: uwezo unaoandikwa kwenye karatasi hupimwa kwa nyuzi 15, na kule mchana ni nyuzi 32, kwa hiyo megawati za kweli ni pungufu. Kuanzia Desemba, vumbi la harmattan linashuka hadi pwani na kuziba vichujio vya hewa. Agizeni vya akiba mapema, maana bandarini mzigo unaweza kulala wiki kadhaa.

Mwisho, njia ya bomba inapita kwenye mashamba ya watu. Kwa Waedo, wenyeji wa Benin City, hamwendi shambani kabla ya kumwona enogie, mkuu wa kijiji, na kola, kokwa ya kukaribishana, huja mbele ya mazungumzo. Sisi tuliwahi kuhesabu miti ya mpira kwa picha za angani. Mama mmoja akasimama mbele ya mashine ya kuchimba na kusema hesabu ya miti yake imepunguzwa. Tulirudi kuhesabu naye, mti kwa mti, asubuhi nzima, mjukuu wake akifunga kitambaa kila shina tulilohesabu. Alikuwa sahihi. Fidia ikaandikwa upya palepale, naye akahamisha kiti chake pembeni, mashine ikapita.