Mjomba, mimi bado si profesa

Shikamoo, mjomba. Swali mlilolijadili barazani Ngamiani limenifikia: imekuwaje mtu akae Ulaya miaka kumi na mmoja, asome hadi uzamivu, na bado aishi kwa mkataba, ilhali wenzake aliosoma nao Tanga wamekwisha kujenga? Nitajibu bila kuficha, kwa kuwa binti yako naye anaitaka njia hii.

Uprofesa mmenipa ninyi. Mwenye uzamivu katika fizikia ya chembe, yaani elimu ya vipande vidogo kabisa vinavyounda kila kitu, huajiriwa kwa miaka miwili au mitatu, kisha hufungasha na kwenda chuo kingine, mara nyingi nchi nyingine, naye hurudia hivyo akisubiri nafasi ya kudumu inayogombewa na watu wengi mno. Mimi nimekwisha kuhama nchi tatu. Safari moja mkataba mpya ulichelewa kusainiwa, nikalala majuma sita sebuleni kwa rafiki. Ndiyo sababu fedha za bati la bibi hazikufika mwaka ule.

Uliuliza pia nimevumbua nini. Pale CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni, chembe zilizomo katika kiini cha atomu, hugonganishwa ndani ya njia ya duara yenye mzunguko wa kilometa 27, takriban mita 100 chini ya ardhi. Ugunduzi wa chembe ya Higgs, inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata tungamo, ulitangazwa hapo tarehe 4 Julai 2012, na makala ya mwaka 2015 iliyoeleza kipimo cha tungamo lake ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000. Jina langu nalo limo katika makala za namna hiyo, zikiwamo ambazo sikuandika hata sentensi moja. Ninachokifanya hasa ni kuandika programu za kuchambua data, na kukesha zamu nikitazama skrini. Usiku mmoja, saa tisa, kisanduku cha kijani kiligeuka chekundu; nikampigia mtaalamu, akaniambia nizime kifaa na kukiwasha tena, na mambo yakatulia. (Hili usiwasimulie barazani.)

Binti aje, simkatazi, maana kazi yenyewe naipenda. Ila ashike sana takwimu na uandishi wa programu, kwa sababu wenzangu wengi waliochoka kuhamahama wamepata ajira nzuri katika mabenki kwa ujuzi huohuo.

Kile kiwanja cha Pongwe usinishikie tena, mjomba. Mkataba wangu unakwisha Septemba, na hadi leo sijajua nitahamia nchi gani.