Hukumu Ilisema Miaka Saba, Haikusema Kifua Kikuu

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kama mfungwa ana haki ya kutibiwa kwa gharama ya serikali, nami nikamjibu kwa mistari minne tu kwamba anayo. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kuliko safu hii ilivyozoea kupokea, na zaidi ya nusu yake zimeandikwa kwa uchungu. Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugeuza maana, na nimeondoa majina na mahali kwa sababu baadhi ya wanaotajwa humo bado wanatumikia vifungo.

Aliyemuua kaka yangu anakula na kulala. Haki yangu iko wapi?

"Ndugu mwandishi, baada ya salamu. Kaka yangu alichomwa kisu usiku akitoka kazini, akaacha mjane na watoto wawili. Aliyemuua alipewa miaka 20. Ninyi mnahangaikia kitanda chake na daktari wake, ilhali mjane wa kaka yangu anatibiwa kwa fedha za kukopa. Yeye anatetewa na nani? Na gereza likigeuzwa mahali pa kupumzikia, nani ataogopa kuua?" – Dada wa marehemu

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Sitakuambia usamehe, kwa sababu jambo hilo ni lako na la wifi yako, na hakuna mwandishi mwenye haki ya kuwahimiza.

Malalamiko yako kuhusu mjane ni ya haki kabisa. Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalosema kwamba waathirika wa uhalifu watendewe kwa huruma na heshima, wapewe taarifa za mwenendo wa kesi, walipwe fidia na mkosaji inapowezekana, na pale mkosaji asipoweza kulipa, serikali ijitahidi kuwasaidia. Katika nchi nyingi azimio hilo limebaki karatasini, na hapo ndipo ningependa hasira yako, na yangu pia, ielekezwe. Ila tukimnyima muuaji dawa leo, deni la wifi yako halitapungua hata senti moja, na wanaopaswa kumfidia watakuwa wamepata njia ya kutuziba macho.

Sasa kuhusu huyo aliyefungwa. Jaji alipotamka miaka 20 alikuwa amekwisha kumwadhibu: amemnyang'anya uhuru wa kwenda atakako, kulala na familia yake, kuwalea watoto wake na kuwazika wazazi wake. Kanuni za Kima cha Chini za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1955, kisha zikafanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27, zinalisema hili waziwazi katika kanuni ya tatu: kufungwa kwenyewe ni mateso, kwa hiyo gereza lisiongeze mateso mengine juu yake. Mkuu wa gereza hajapewa na sheria yoyote mamlaka ya kuongeza njaa, kipigo au ugonjwa kwenye hukumu ya jaji.

Niliwahi kumtembelea kijana aliyehukumiwa miaka saba kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba. Aliingia akiwa mzima wa afya. Mwaka wa tatu alikuja kwenye dirisha la wageni akiwa ameshika kitambaa mdomoni, mifupa ya mabega imetokeza ndani ya sare, na kila alipotaka kusema alisubiri kwanza kikohozi kipite. Walikuwa wakilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na usiku, kila mmoja wao alipotaka kugeuka, safu nzima ililazimika kugeuka pamoja naye. Hukumu yake nimeisoma. Ilisema miaka saba. Haikusema kifua kikuu.

Nawe usidhani ugonjwa kama huo unafungwa pamoja na mgonjwa. Askari wanaurudisha nyumbani, wageni wanaubeba, na mfungwa akiachiwa anapanda nao basi. Mwaka 1750 homa inayoenezwa na chawa ilitoka katika gereza la Newgate, ikaingia katika mahakama ya Old Bailey jijini London pamoja na washtakiwa, ikaua makumi ya watu, Meya wa jiji na majaji wawili wakiwa miongoni mwao.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana katika mjadala huu, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Gereza ambalo wafungwa wake hawana haki haliwatesi wote sawasawa. Panapokosekana haki panaingia bei: godoro lina bei, nafasi karibu na dirisha ina bei, ruhusa ya kwenda zahanati ina bei. Muuaji mwenye fedha ataishi vizuri kwa kununua, na mwizi wa kuku atakufa kwa kukosa. Ukitaka aliyemuua kaka yako atumikie adhabu yake kamili, asiipunguze kwa hongo, basi ni kwa faida yako kwamba kitanda na dawa viwe haki ya kila aliyemo, visiwe bidhaa ya mwenye funguo.

Kuhusu hofu: wauaji wengi hawakai kupima ubora wa selo kabla ya kuinua kisu. Mwanasheria wa Kiitalia Cesare Beccaria aliandika tangu mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa na kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu, na waliochunguza suala hili baadaye, kwa sehemu kubwa, wamekubaliana naye.

Mdogo wangu ni mahabusu mwaka wa pili

"Shikamoo mzee. Mdogo wangu yuko rumande kwa miaka miwili sasa. Kila tarehe tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Analala chumba kimoja na waliokwisha kuhukumiwa, na anaamrishwa na nyapara ambaye naye ni mfungwa. Tukilalamika tunajibiwa kwamba mfungwa hana haki." – Kaka mtu

Marahaba, mwanangu. Kwanza, mdogo wako si mfungwa, na neno hilo mlikatae kwa adabu kila mnapolisikia likitumiwa kwake. Yeye ni mahabusu, yaani mtu ambaye sheria bado inamhesabu kuwa hana hatia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 9, unasema mtu wa namna yake ashtakiwe na kuhukumiwa katika muda wa kuridhisha au aachiwe, na kwamba kuwaweka watu ndani wakisubiri kesi kusiwe ndio utaratibu wa kawaida. Ibara ya 10 inataka mahabusu watengwe na waliohukumiwa. Kanuni za Mandela zinaongeza kwamba anaweza kuvaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi na za kufaa, apewe nafasi ya kufanya kazi ila asilazimishwe, na aonane na wakili wake faraghani. Kuhusu nyapara, kanuni ya 40 ni fupi: mfungwa asitumiwe katika kazi yoyote ya kuwaadhibu wenzake.

Mwaka 1773 Mwingereza John Howard, aliyekuwa ameteuliwa kusimamia magereza ya wilaya yake ya Bedfordshire, alikuta humo watu waliokwisha kuachiwa na mahakama lakini bado wako ndani kwa kuwa hawakuwa na ada ya kumlipa mlinzi wa gereza. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilifuta ada hizo. Naileta habari hii kwa sababu haikuanza na nadharia yoyote. Ilianza na mtu mmoja kuuliza, jina kwa jina, huyu yuko humu kwa sababu gani.

Basi nanyi ulizeni hivyo hivyo. Andikeni kila tarehe ya kuahirishwa na sababu iliyotolewa, na muombe kwamba sababu hiyo iingizwe katika kumbukumbu za mahakama. Kama dhamana ilikataliwa mwanzoni, ombi linaweza kurudishwa hali inapobadilika, na miaka miwili ya upelelezi usiokamilika ni mabadiliko ya hali. Nimewahi kuonyeshwa na mahabusu mmoja karatasi yenye tarehe zake zote, imekunjwa mpaka mikunjo imekatika, ameihifadhi ndani ya kipande cha nailoni ili isilowe jasho. Wakili aliyekuja kumsaidia baadaye hakuanza na kitu kingine chochote.

Mimi ni askari magereza. Haki zangu je?

"Mnaandika kana kwamba sisi ni wanyama. Usiku tunakuwa askari wachache kwa mamia ya watu. Mfungwa akimjeruhi mwenzake kwa kijiko alichokinoa, unataka nimpe nasaha? Tunamfungia peke yake mpaka atulie. Kuna ubaya gani?" – Askari wa miaka mingi

Afande, nashukuru kwa kuandika, maana ninyi mnasemwa sana na mnasikilizwa kidogo. Kumtenga aliyemjeruhi mwenzake si kosa, na kanuni hazikukatazi kutumia nguvu unapojitetea, unapozuia mtu kutoroka, au anapopinga amri halali. Zinachodai ni nguvu isizidi kinachohitajika na taarifa itolewe mara moja kwa mkuu wako.

Tatizo liko kwenye maneno yako "mpaka atulie", kwa sababu hayana mwisho. Kanuni za Mandela zinaeleza kuwa kifungo cha upweke ni kumfungia mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila kukutana na binadamu kwa namna yenye maana, na zinakataza kabisa upweke huo kuzidi siku 15 mfululizo. Hata ndani ya siku hizo uwe hatua ya mwisho, uidhinishwe na mwenye mamlaka, na mhudumu wa afya amwone mtu huyo kila siku. Giza la kudumu au taa isiyozimwa, kupunguza chakula au maji, na kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja, vyote vimekatazwa. Ukomo huu haukutoka hewani. Philadelphia, nchini Marekani, walifungua mwaka 1829 gereza kubwa lililojengwa kwa imani njema kwamba upweke ungemfanya mkosaji atubu, na mwaka 1890 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo ilikuwa ikiandika kwamba wafungwa wengi waliowekwa katika hali ya namna hiyo walidumaa akili, wengine wakawa wendawazimu, na wengine wakajiua. Mtu unayemtoa huko baada ya miezi sita hakutulia; ameharibika, na ni wewe utakayekuwa zamu siku hiyo.

Upande wako, kanuni zilezile zinataka askari magereza waajiriwe kwa uangalifu, wafundishwe kabla na baada ya kuanza kazi, na walipwe mshahara wa kutosha kumfanya mtu anayefaa abaki kazini. Askari wachache juu ya mamia ya watu usiku mmoja ni uvunjaji wa haki za wafungwa na wa haki zako kwa wakati mmoja. Ningefurahi sana kuona chama cha askari na watetezi wa wafungwa wakiandika barua moja juu ya jambo hilo.

Je, mfungwa apige kura?

"Aliyevunja sheria atachaguaje watunga sheria?" – Mwalimu

Mwalimu, nchi zimegawanyika. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 1999, Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2002 na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2005 zote zilikataa kumnyima kura mfungwa kwa sababu tu yuko gerezani. Nakubaliana nazo. Mtu anayeishi masaa 24 chini ya uamuzi wa serikali ana sababu zaidi ya wengi wetu ya kuulizwa anaionaje.

Nimpeleke mtoto akamwone baba yake?

"Mume wangu amefungwa miaka minne. Binti yetu ana miaka sita na anadhani baba yuko safarini. Mama mkwe anasema mtoto asikanyage gerezani. Mume wangu anamlilia." – Mama wa mmoja

Mama, ikiwa mume wako hakumdhuru mtoto wala wewe, mpeleke. Mawasiliano na familia ni haki ya mfungwa chini ya kanuni ya 58, na kwa mtoto ni haki pia. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zilizoandikwa kwa ajili ya wafungwa wanawake, zinataka ziara za watoto zifanyike mahali pasipowatisha na zimruhusu mtoto kumgusa mzazi wake; muulize ofisa ustawi kama ziara ya namna hiyo inapatikana hapo, maana huenda ipo na haitangazwi. Kanuni za Mandela nazo zinasema watoto wasipekuliwe kwa namna ya kuwadhalilisha, na mlangoni una haki ya kulikumbusha hilo kwa upole.

Mweleze ukweli usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa maneno ya umri wake, ili asiusikie kwanza kwa mtoto mwingine shuleni. Mwambie kwamba baba atakuwa amevaa nguo zinazofanana na za watu wengine, kwamba huenda kukawa na wavu kati yenu, na kwamba kengele ikilia baba hataweza kutoka nanyi hata akitaka. Halafu mwache achague daftari moja la shule la kumwonyesha. Wanaporuhusiwa dakika chache, baba na mtoto hukosa la kusema, na daftari humpa baba kitu cha kuuliza.