Chrome ya iPhone ni Safari: jiandae kabla ya kuandika programu ya wavuti

Mteja akilalamika kwamba programu yako ya wavuti inagoma kwenye iPhone, usimwambie ahamie Chrome. Kanuni ya 2.5.6 ya App Store inavilazimisha vivinjari kutumia injini ya WebKit ya Apple, yaani sehemu inayosoma na kuchora kurasa, kwa hiyo Chrome na Firefox za iPhone ni Safari iliyobadilishwa nguo. Umoja wa Ulaya ulipata nafuu kisheria ya kutumia injini nyingine kwa iOS 17.4, Machi 2024. Mteja wako wa Mombasa au Mwanza nafuu hiyo haimhusu.

Linaloumiza zaidi ni data kupotea. Tangu 2020, Safari hufuta vyote vilivyohifadhiwa na JavaScript, yaani IndexedDB na localStorage (maghala ya data ndani ya kivinjari), hata service worker (hati inayoiwezesha tovuti kufanya kazi bila mtandao) na kashe yake, zikipita siku 7 za kutumia kivinjari bila mtumiaji kuigusa tovuti yako. Mwenye duka aliyeandika mauzo bila mtandao, akaliacha duka wiki mbili huku akiendelea kusoma habari kwenye Safari, anarudi na kukuta daftari tupu. Huo ni uonevu kwa mtu ambaye hakukosea lolote, na wa kumkinga ni wewe. Usiifanye simu kuwa ghala pekee. Weka rekodi kwenye foleni, uzitume kwenye seva mtandao ukirudi. WebKit haina Background Sync (kutuma data nyuma ya pazia), hivyo tuma programu inapofunguliwa na kwenye matukio ya online (mtandao kurudi) na visibilitychange (ukurasa kuonekana au kufichika), kisha onyesha waziwazi ni rekodi ngapi bado hazijafika. Kidakuzi cha kuingilia kiwekwe na seva, kikiwa HttpOnly (JavaScript haiwezi kukisoma), kwa kuwa kinachoandikwa na JavaScript hakivuki siku 7.

Programu iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo haikumbwi na ufutaji huo. Lakini ina hifadhi yake yenyewe, na yaliyomo kwenye IndexedDB ya Safari hayahamii huko. Mwombe mtumiaji aiweke kabla hajaingiza chochote. Tukio la beforeinstallprompt, linalokuruhusu kuonyesha kitufe chako cha kuiweka, halipo, kwa hiyo chora maelekezo mwenyewe: mraba wenye mshale wa kwenda juu, halafu "Add to Home Screen". Aliyefungua kiungo ndani ya Instagram au Facebook hataiona njia hiyo. Mwelekeze akifungue kwenye Safari kwanza.

Arifa zinahitaji iOS 16.4 au zaidi. Manifest (faili la maelezo ya programu) iwe na display ya standalone, programu ifunguliwe kwa ikoni yake, na ombi la ruhusa litokane na mtumiaji kubonyeza kitufe. Ukiliita ukurasa unapopakia, halitatokea. Kila ujumbe wa push lazima uonyeshe arifa. Ukituma ya kimyakimya, utanyang'anywa usajili. Ndani ya Safari ya kawaida ya iPhone PushManager, kiolesura cha kusajili arifa, haipo kabisa, basi ikague kabla ya kuonyesha kitufe.

Kuiga iPhone ndani ya Chrome ya kompyuta hubadilisha mambo kama ukubwa wa skrini, lakini injini inabaki ileile ya Chrome. Tafuta iPhone halisi, hata iliyotumika, pamoja na Mac ya kuazima ili ufungue Web Inspector, chombo cha Safari cha kutafuta hitilafu.

Kuifunga tovuti ndani ya programu ya App Store hugharimu dola 99 kwa mwaka, na kanuni ya 4.2 inairuhusu Apple kuikataa iwapo ni tovuti tupu. Ifikirie pale tu unapohitaji Bluetooth au NFC, ambazo Safari haizitoi kwa wavuti.