Orodha yangu ya pa kula Dodoma, na kwa nini saivi naandika mpaka siku na saa

Kwenye simu yangu kuna noti imeandikwa "pa kula". Nilianza kuiandika 2017, ule mwaka ambao wengi wetu tulihamia Dodoma na mafaili ya ofisi mgongoni, mji wenyewe ulikuwa bado hata haujaitwa jiji (hilo lilikuja Aprili 2018). Mwanzo noti ilikuwa na mistari mitatu tu. Saivi sijui hata ipo mingapi, kila wiki mtu ananitumia picha, mara pamefunguliwa sehemu Ilazo, mara Kisasa, mara sijui Iyumbu huko karibu na chuo kikuu cha UDOM kuna dada anapika makange hatari, na mi naandika tu kama karani wa sensa.

Shida ikawa naenda sehemu iliyosifiwa na watu watano wenye akili zao halafu narudi nimenuna. Nikawa nasema watu wa Dodoma hawajui kula. Kumbe mjinga nilikuwa mimi, nilikuwa nauliza wapi tu, siulizi lini.

Ngoja niwape kisa. Mwezi wa tano mmoja hivi shemeji yangu alikuja kutoka Dar na mke wake, nikataka kujionyesha, nikawapeleka mgahawa mmoja mpya (jina nakula nalo) ambao ulikuwa namba moja kwenye noti kwa muda mrefu. Saa mbili usiku, Jumatano. Tumekaa, menyu nzuri ya kurasa kumi na mbili, kila tukiagiza mhudumu anasema hiyo imeisha, hiyo imeisha, samaki yupo lakini msubiri kidogo. Kidogo yenyewe ikawa saa nzima na dakika arobaini! Shemeji akamaliza karanga zote za mezani, ananiangalia tu bila kusema kitu, na mnajua shemeji akinyamaza ni mbaya kuliko akiongea.

Sasa mwaka huohuo mwezi wa nane nikapita palepale peke yangu, mchana, nilikuwa nimekimbia jua tu. Nikala samaki yuleyule, dakika ishirini na tano, mtamu mpaka nikaomba kumwona mpishi. Ndo nikaanza kufikiri.

Dodoma hii inakula kwa kalenda ya Bunge jamani. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, mji unajaa wabunge, madereva wao, wataalamu wa wizara, wageni wa wageni, na jiko lililozoea meza kumi linapewa meza thelathini. Hapo usijaribu sehemu mpya usiku. Kama lazima, nenda mchana au nenda Jumamosi wengi wakiwa wameshuka Dar. Siku hizi na hii treni ya SGR iliyoanza kuja Dodoma 2024 ndo kabisa, mtu anatoka kazini Ijumaa, masaa matatu na kitu yupo Dar anakula kwake. Ila kumbuka treni inaleta pia, watoto wa Dar saivi wanakuja wikendi kutalii kwetu, nani angeamini.

Mwezi wa saba mji unapumua. Huo ndo mwezi wangu wa kufuta mistari kwenye noti, meza zipo, wahudumu wana muda wa kukwambia ukweli kwamba leo usichukue kuku chukua mbuzi. Ubaya wake ni upepo na baridi, sehemu nyingi zetu ni za nje chini ya miti, nyama inafika mezani ya moto ukipiga stori mbili mafuta yashaganda. Beba sweta na kula kwanza, stori baadaye.

Halafu kuna sehemu zina siku moja tu. Mnada wa Msalato ni Jumamosi, hilo kila mtu anajua, lakini watu wanaenda saa kumi jioni wakitoka kufua halafu wanasema mnada umepoteza ladha. Nenda saa nne, saa tano. Unachagua mwenyewe pande lako kwa muuzaji, linapimwa mbele yako, unampa mchomaji na unasimama hapohapo, usiende kuzunguka kwenye mitumba ukidhani nyama yako inakusubiri. Mi niliwahi kuacha mguu mzima wa mbuzi nikaenda kuangalia viatu, nilichorudishiwa nilikihesabu mara mbili.

Na kule Mtumba kwenye mji wa serikali usidharau akina mama wa mchana. Wali maharage, mchicha, dagaa, bei ya kibinadamu. Ila ni saa sita na nusu mpaka saa nane, ukija saa tisa unakuta masufuria yanaoshwa, na Jumapili usijisumbue.

Kitu kingine, usimuulize mtu "pakoje?" Atakwambia pako poa, wana taa nzuri na parking. Muulize "ulikula nini?" Akishindwa kutaja, futa. Bodaboda wa stendi ya Nanenane nawaamini zaidi kuliko wafanyakazi wenzangu, maana wao wanalipa hela yao na wana njaa ya kweli.

Kwenye kuku nina kauzoefu kidogo. Mgeni yeyote akifika Dodoma anatajiwa Chako ni Chako, ile sehemu ya kuku, sawa, aende, ni haki yake. Ila mabango ya "kuku wa kienyeji kutoka Singida" yamejaa mjini na sio wote wamewahi hata kuiona Manyoni, wengine ni chotara tu. Wa kienyeji mfupa wake mgumu, nyama inavutana, na kama hajachemshwa kabla hawezi kukufikia mezani ndani ya robo saa. Akija haraka na mfupa unavunjika kama biskuti, kula tu, ila usilipe bei ya Singida.

Kinachoniuma ni mlenda, ile mboga ya kuteleza. Nimekaa huku miaka yote hii, nimeula vizuri mara nyingi, karibu zote ni nyumbani kwa mama mwenye nyumba wangu wa zamani Chang'ombe, Mgogo haswa, ukiingia bila kusema mbukwenyi hata kiti hupewi. Ugali wa uwele, mlenda wenye karanga, basi. Alinifundisha kwamba mlenda mbichi ni wa kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo unakula wa kukausha na ni chakula kingine kabisa, wengine wanaupenda zaidi. Mgahawani ukiuliza mlenda wanakuangalia kama umeomba bangi. Hata waini ni hivohivo, zabibu ziko hapo nje ya mji zinavunwa mara mbili kwa mwaka, unafungua menyu unakutana na za Afrika Kusini ukurasa mzima.

Kwa hiyo mstari wa juu kabisa kwenye noti saivi unasomeka hivi: "mama wa nyuma ya soko la Majengo, uwele na mlenda, Jumanne na Alhamisi tu, kabla ya saa saba." Nimeambiwa na muuza mkaa. Nimeenda mara mbili nikakuta umeisha, mara ya pili nilifika saba na dakika tano.

Chini yake kuna perege wa Mtera, sehemu moja Kizota, wanapokea samaki asubuhi na wanakaanga mpaka waishe, hakuna friji hivo hakuna uongo. Shemeji anakuja wiki ijayo na treni ya asubuhi. Nimemwambia asinunue kitu chochote njiani, na safari hii hatuendi usiku. Amenijibu "sawa" peke yake, bila nukta.