Fujo ya Uzi Iko Chini, Kosa Liko Juu

Juzi usiku dada mmoja wa Bagira, Bukavu, aliniandikia: "Yaya, mashini ya bibi inanitesa. Juu inashona muzuri, chini uzi unajikusanya kama kiota. Fundi anasema niitupe ninunue mpya." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo ya fundi niliwahi kuambiwa mimi, na yaliniharibia Machi nzima.

Mashini yangu ni Singer 15K ya pedali, ya chuma cheusi, iliyotoka Clydebank kule Uskoti, katika kiwanda kilichofungwa 1980. Mama alitusomesha watoto sita kwa miguu yake juu ya pedali ile. Alipofariki, ndugu zangu waligawana viti na masufuria, mimi nikachukua mashini, wakaniona mjinga. Leo wote wananiletea nguo niwashonee. Na ninawalipisha.

Mwaka ule kikundi cha akina mama wa Kadutu kiliniletea vikwembe (vitenge) vya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, nguo 14. Siku ya tatu mshono ukaharibika. Upande wa juu umenyooka kabisa; nikigeuza kitambaa, vitanzi vitupu, unavuta kimoja mshono wote unafumuka. Nikawaza wanavyowaza wengi: fujo iko chini, basi ugonjwa uko chini. Nikachukua bisibisi, nikakaza kile kiskurubu cha nyumba ya bobini, kile kikopo cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Vitanzi vikabaki. Nikakaza tena, uzi ukaanza kukatika. Nikalegeza, nikakaza, nikalegeza, mpaka kiskurubu kikachomoka, kikadondoka katikati ya mbao za sakafu. Aliyekulia nyumba ya mbao anajua huko chini kulivyo. Nilikipata kesho yake kwa sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, nimelala kifudifudi, mtoto ananimulikia kwa simu.

Ndipo nikapakia kichwa cha mashini kwenye pikipiki, nikaenda kwa fundi. Jina lake silitaji. Alizungusha gurudumu mara mbili, akasikitika: "Mama, hii imeshakufa. Niachie kwa dola 30, nitatoa vipuri." Kuangalia tu alinitoza. Ningekuwa na njaa zaidi siku ile, ningemwachia.

Katika nguo 14 nilimaliza 9, tena nyingine kwa mkono. Kiongozi wa kikundi alisema mbele ya wenzake, nami nasikia: "Huyu alirithi mashini, hakurithi mikono." Mpaka leo nikikutana naye sokoni namsalimia vizuri, lakini nguo yake sishoni.

Kilichonifungua macho ni nyuzi mbili za rangi tofauti. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, nikaweka mwekundu juu, mweupe kwenye bobini. Nikashona kipande cha kitambaa, nikageuza: vitanzi vyote vya chini vilikuwa vyekundu! Uzi wa juu ndio uliokuwa ukizagaa chini. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya kitambaa. Wa juu usiposhikwa, wa chini unauvuta wote upande wake. Na ukiona kinyume, uzi wa bobini umetokeza juu, basi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea.

Anayeushika uzi wa juu ni vile visahani viwili vidogo vyenye springi na nati mbele yake. Mguu wa mashini, ule unaobana kitambaa, ukiwa umeinuliwa, visahani vinaachana, ukiushusha, vinabana. Nikashusha mguu, nikavuta uzi kwa vidole. Ulipita bila kushikwa kabisa.

Nikafungua nati, kila kipande nakipiga picha kabla ya kukitoa (fanya hivyo, nakuomba, la sivyo utalia). Katikati mna kipini chembamba kinachosukuma visahani viachane. Kilikuwa kimegandia huko mbele, kimezungukwa na utando wa rangi ya asali. Nikaunusa. Mafuta ya kupikia.

Niliyatia mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili ya cherehani yaliisha, nikachukua ya jikoni, nikajiambia mafuta ni mafuta. Yakikaa yanageuka gundi. Fundi hakuliona hilo, mimi nililifanya. Sijui nani mbaya zaidi. Mswaki wa zamani na mafuta ya taa vilimaliza kazi kwa nusu saa, nikapitisha kitambaa kati ya visahani mpaka kikatoka safi, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kipini. Visahani vyenyewe vikae vikavu.

Kwa hiyo dada wa Bagira, inua mguu kwanza, toa uzi wote, tunga upya. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unakaa juu ya visahani badala ya kuingia kati yake, na kwa wengi ugonjwa ni huo tu. Badilisha sindano. Rangi mbili. Kiskurubu cha bobini kiwe cha mwisho kabisa, na usikizungushe zaidi ya robo. Ukiining'iniza nyumba ya bobini kwa uzi wake, ikae. Ukiutikisa uzi kidogo, ishuke kidogo. Ikifanya hivyo, iache.

Tunapenda sana kuambiwa cha zamani kimekufa, dada zangu. Tunatoa chuma cha mama zetu kwa bei ya nyama ya sikukuu, kisha tunakopa kununua kipya, na uzi unajikusanya vilevile kwa sababu tunatunga vilevile. Jifunze kufungua kitu chako. Jifunze!

Na kama umefanya yote na vitanzi bado vipo, nitumie picha. Ya upande wa chini wa kitambaa, na rangi mbili nilizosema. Picha ya mashini yenyewe inavyong'aa usinitumie, hiyo haitanionyesha kitu.