Maswali na Majibu: Nani Yumo kwenye Waifai Yako?

Ikifika saa mbili usiku intaneti yangu inakuwa nzito mno. Nashuku majirani wa ghorofani wanaitumia. Nitajuaje? (Mpangaji, Sinza)

Pole sana. Geuza ruta yako utazame kibandiko kilicho chini yake. Kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila ya msimamizi. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa, ingia, kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyomo. Halafu zima waifai kwenye simu moja baada ya nyingine, TV, kompyuta, kila kilicho chako, huku ukitazama nani anatoka kwenye orodha. Atakayebaki, mbali na simu unayotazamia, ndiye mgeni wako.

Nakusihi usimgombeze mtu kwa kusoma majina tu. Simu nyingi za siku hizi hujitambulisha kwa namba za kubuni, na unayemwita mwizi anaweza kuwa simu ya mwanao. Tena saa mbili usiku jengo zima liko mtandaoni na ruta zote zinagombania masafa yaleyale. Kama ruta yako ina 5 GHz, yaani masafa mengine ambayo kwa kawaida hayana msongamano mkubwa, hamia huko kwanza uone.

Nilibadilisha nywila, lakini baada ya wiki mbili wanaoiba waifai yangu wamerudi. Wameipataje? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Mama, anza na watoto, kwa upole. Simu iliyounganishwa huweza kuonyesha nywila kama msimbo wa QR. Rafiki anaelekeza kamera, na kazi imekwisha bila neno kutamkwa. Kwangu niliwahi kukuta vifaa 11 wakati vyetu ni vinne. Kijana wangu alikuwa amempa mwenzake mmoja tu, naye akampa mwenzake.

Kama watoto hawahusiki, ingia kwenye ruta uangalie WPS. Huu ni mlango wa kuunganisha kifaa kwa namba ya siri ya tarakimu 8, badala ya nywila. Mwaka 2011 ilibainika kuwa namba hiyo hukaguliwa vipande viwili: tarakimu 4 za mwanzo peke yake, kisha 3 zinazofuata, na ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya zile za mbele. Kwa hiyo anayebahatisha hahitaji majaribio milioni 100. 11,000 yanatosha, na kompyuta huyamaliza kwa saa kadhaa. Ukibadilisha nywila mara kumi huku WPS iko wazi, umefunga mlango wa mbele na wa uani umeuacha. Izime.

Badilisha pia nywila ya msimamizi, ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Wengi huiacha admin kama ilivyotoka kiwandani, na aliyekwisha kuingia huweza kukuwashia mtandao wa pili usioujua.

Nikificha jina la waifai nitakuwa salama?

Hapana. Programu za bure huuona mtandao uliofichwa, na wewe ndiye utakayehangaika kila ukinunua simu mpya.

Kwenye ruta kuna aina za ulinzi wa waifai: WEP, WPA2, WPA3. Nichague ipi? Na nywila yangu ni namba ya simu, inatosha? (Mwalimu, Morogoro)

WEP ilivunjwa tangu 2001, usiiguse. Chagua WPA3, iliyotoka 2018, kama vifaa vyako vinaikubali. La sivyo WPA2 yenye AES, ambayo ni njia imara ya kuficha data.

Namba ya simu, mwalimu, iondoe leo. Kwenye WPA2 mtu huweza kunasa mawasiliano kati ya simu yako na ruta wakati simu inajiunga, akaenda kubahatisha nywila nyumbani kwake bila wewe kujua. Namba zote zinazoanza na 07 ni milioni 100 tu. Kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, ile ya kuchezea michezo ya kompyuta, hizo ni dakika chache. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano wa kinu, treni, tembele, kiraka, lakini uchague yako mwenyewe.

Nikifunga hivi, wageni wakija nitawanyima?

Usiwanyime. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni: una jina lake na nywila yake, na aliyemo hafikii kompyuta wala printa yako. Kamera za ukutani na TV ziweke hukohuko. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani.

Nywila ya wageni ibadilishe kila mwezi, maana laini imesajiliwa kwa jina lako, na mtu akifanya uhalifu kupitia kwayo, watakaoulizwa kwanza ni nyinyi wenye laini. Iandike kwenye karatasi uibandike sebuleni. Ile ya mtandao wako mkuu wasiijue hata watoto: waunganishie simu zao kwenye ya wageni.